Maswali na majibu: kuzima Linux kupitia mchakato namba 1

Fundi, seva yetu ya Debian haizimiki. Nikiandika poweroff inasema imeshindwa kuongea na systemd. Nichomoe waya?

Acha waya kwanza. systemd ndiyo mchakato namba 1, yaani programu ya kwanza, inayosimamia huduma zote za mashine. Amri ya poweroff huipelekea ombi kupitia soketi (njia ya programu kuwasiliana), na soketi ikiharibika ombi linaishia njiani. Ishara (ujumbe mfupi unaotumwa kwa amri ya kill) haihitaji soketi kwa sababu kerneli yenyewe, kiini cha Linux, ndiyo huifikisha. Ukiwa root (msimamizi mkuu), andika:

`kill -s RTMIN+4 1`

Hapo systemd husimamisha huduma kwa mpangilio, hifadhidata ikafunga mafaili yake, diski zikaachiwa, ndipo mashine inazimika. Usipaniki ikichelewa: huduma kaidi kwa kawaida hupewa sekunde 90 kabla ya kuuawa. Kuwasha upya ni RTMIN+5. Ipo pia RTMIN+14, inayozima papo hapo bila kuaga huduma yoyote. Kwenye seva yenye hifadhidata mimi siigusi.

Ila kama systemd yenyewe imeganda, ishara itafika na hakuna wa kuitekeleza. Hapo andika `sync` ili data iliyo kwenye kumbukumbu iandikwe diskini, kisha `systemctl poweroff -ff`, ukijua kwamba data inaweza kupotea.

Nilijaribu kill -9 1, kimya. Kwa nini?

Kerneli huitupa. Mchakato namba 1 hupokea tu ishara ulizojiandaa kuzipokea, na hakuna programu inayoweza kujiandaa kwa namba 9. Ni kinga ya makusudi, kwani mchakato huo ukifa mashine nzima huanguka na ujumbe “Attempted to kill init!”

Ishara hizo ni zilezile kwenye Alpine (aina nyepesi ya Linux) na FreeBSD (mfumo endeshi mwingine)?

Hapana, na hapa ndipo watu huumia. `kill 1` tupu hutuma TERM, ishara ya kuomba programu ijifunge. systemd ikiipata hujianzisha upya tu, mashine ikaendelea na kazi. Init (programu ya mchakato namba 1) ya BusyBox, ambayo Alpine huitumia, huwasha mashine upya. FreeBSD hushuka hadi hali ya mtumiaji mmoja, ambamo huduma husimama, na kama umeingia kutoka mbali kwa SSH, umejifungia nje. Kwa BusyBox na FreeBSD, ishara ya kuzima ni USR2. Kwenye Linux soma kwanza `/proc/1/comm` ujue unaongea na nani.

Kontena langu la Docker (programu iliyotengwa na mfumo mzima) huchukua sekunde 10 kusimama.

Programu yako ndiyo namba 1 humo ndani, na haijaandaliwa kupokea TERM. Docker husubiri, kisha huiua kutoka nje. Liendeshe kwa `--init`, ili init ndogo iwe namba 1 na kuifikishia programu yako ishara.