Kibanda cha mbao kwenye mteremko Kigoma: anza na sakafu, ramani itafuata

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ile ramani ya nyumba ya umbo la A uliyoiona mtandaoni inafaa kwa shamba lako la mteremkoni, na kama mtu asiye fundi anaweza kufunga mwenyewe fremu ya sakafu ya mbao. La pili jibu ni ndiyo. Kibanda changu nilikijenga Kalinzi, juu kwenye kahawa, na sakafu niliifunga kwa mikono yangu nikiwa na kijana mmoja wa kunishikia upande wa pili wa mbao. La kwanza ndilo linalotaka maelezo.

Umbo la A linafaa sana nchi za theluji, paa limesimama ili theluji iteleze chini. Kalinzi tuna mvua na baridi ya asubuhi, theluji hatuna. Ukilijenga huku utanunua bati nyingi, halafu sehemu ya kusimama wima inabaki katikati tu, pembeni kote unainama. Kwa kibanda cha kulala na kutunzia vitu vya shamba, chukua mstatili wa kawaida wenye paa la mgongo wa tembo. Na kama shamba lako linashuka mpaka ziwani, kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ziwa lenyewe miaka hii limepanda, usilijaribu.

Sasa ukubwa. Usiuchague kwenye picha, nenda kwanza kwa wauza mbao uone wana urefu gani. Nyingi utakazokuta ni za futi 12. Ndiyo maana napenda futi 9 kwa 12: upande mrefu hukati kitu, na kona kwa kona inatoka futi 15 kamili, maana ni ile 3, 4, 5 ya mafundi mara tatu. Vuta futi kamba, ukipata 15 mishazari yote miwili, kona zako zimekaa. Ila kama utatandika plaiwudi, punguza iwe 8 kwa 12. Plaiwudi moja ni futi 4 kwa 8, kwa hiyo tatu zinaenea bila kubakiza kipande. Hapo kona kwa kona haitoi namba nzuri, hakikisha tu mishazari inalingana.

Nguzo zangu ni fupi, za zege, mistari miwili kufuata upande wa futi 12, nne kila mstari, zikiachana futi 4. Chimba mpaka upite udongo mweusi wa juu ukute ardhi iliyoshikana. Vichwa vyake nilivisawazisha kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani: mmoja anashika upande wa mlimani, mwingine wa bondeni, mnasubiri maji yatulie. Kabla ya kuyaamini, kagua mpira wote kama kuna kipovu cha hewa. Kimoja tu kikikwama, usawa wote ni wa uongo. Nguzo za bondeni zikizidi mita moja juu ya ardhi, hizo mwachie fundi wa zege aziwekee nondo za kutosha.

Juu ya nguzo zinalala boriti mbili, kila moja ni mbao mbili za 2x6 (inchi 2 kwa 6) zilizogongwa pamoja na kusimamishwa kwa ubavu mwembamba. Hapa ndipo nakuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ya mchwa. Kati ya zege na boriti weka nailoni ya DPC, ile ya kuzuia unyevu, kisha kofia ya bati iliyo pana kuliko nguzo, kingo zake zikikunjwa kuelekea chini. Kofia haiui mchwa. Inamlazimisha kuzunguka nje, na hapo utakiona kijia chake cha udongo ukibomoe mapema. Kwa hiyo acha angalau inchi 18 toka ardhini mpaka chini ya mbao, uweze kuingia na tochi. Nunua mbao zilizotiwa dawa, na kila ncha unayokata ipake dawa upya, kwani katikati ya mbao dawa mara nyingi haifiki. Oili chafu wengi wanapaka, mimi chumba cha kulala sipaki, harufu yake haiishi.

Sasa mbao za kubeba sakafu. Utaambiwa weka 2x4 kila futi mbili. Kwa umbali wa futi 9, hiyo itachezacheza ukitembea. Weka 2x6 kila inchi 16, zitakuwa kumi. Kinachozuia mbao kupinda ni kimo chake kuliko unene: 2x6 iliyosimama ni ngumu mara 9 kuliko hiyohiyo iliyolazwa, na inaishinda 2x4 iliyosimama zaidi ya mara 3. Unaweza kuongeza mstari wa tatu wa nguzo katikati, umbali ukawa futi 4 na nusu, na hapo 2x4 zinatosha, lakini nguzo zinatoka 8 kwenda 12. Mimi saruji ilipanda mlima kwa bodaboda, nikachagua nguzo chache.

Pima mbao kabla ya kulipa. 2x6 ya kwenye ramani za Marekani kwa kweli ni inchi 1½ kwa 5½, na hesabu zao zimefuata hicho kipimo. Ya kwetu inaweza kuwa zaidi au pungufu. Kisha inua kila moja mpaka usawa wa jicho, fumba jicho moja, itazame kwa urefu wake. Utaona imepinda kidogo. Mgongo weka alama ya penseli, na alama zote zitazame juu, ili uzito uinyooshe. Zilizopinda sana zikate vipande.

Zikalishe juu ya boriti, gonga misumari ya inchi 4 kwa mshazari, kisha funga ncha zake kwa mbao mbili ndefu za futi 12. Ukitoa unene wa hizo mbili, kila mbao ya kubeba unaikata futi 8 na inchi 8, na kipande kinachobaki kinatoa vipande viwili vya inchi 14. Hivyo ndivyo vya kubana kati ya mbao na mbao, katikati ya sakafu, zisilale ubavu.

Ukipata bei za mbao na saruji za huko kwako ziweke hapa, tukupigie hesabu ya mistari miwili na ya mitatu uone ipi nafuu.