Mnunuzi anakuja na mzani unaoiba. Nifanyeje?

SWALI: Mnunuzi hutufuata shambani jioni na mzani wake wa saa, wa kuning'iniza. Gunia langu la mahindi, debe sita za kichwa, siku zote hupita kilo 100. Kwake limesoma 92. Nilipolalamika akaniambia nikamshtaki ninakotaka. Hatoi risiti, na simu yake haipatikani. Msimu huu nasikia anarudi. Nimdhibiti vipi?

JIBU: Ndugu yangu, pole. Kilo za msimu uliopita zihesabu zimekwenda. Bila risiti, na bila mzani wenyewe kuwepo, hata mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akifika kijijini hana cha kushika. Safari hii mwache aje na mzani wake uleule, ila umkute unajua unakata kiasi gani.

Siku moja kabla, peleka gunia moja kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijaisha muda. Ulizia ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Tuseme limetoka kilo 105. Lishone, ufiche uzi mwekundu kwenye mshono, ulichanganye na mengine. Usilitangulize. Liingie la tatu hivi, na kabla ya hapo kisipakiwe kitu garini.

Kwa nini gunia zima, wakati wengi hujaribu kwa dumu la maji? Kwa sababu wizi wa mzani huu ni wa namna mbili. Mshale ukirudishwa nyuma ya sifuri, hukata kilo zilezile kila mara, na utauona ukitazama mzani mtupu ukiwa umesimama mbele yake, si ubavuni. Springi ikibadilishwa ikawekwa ngumu zaidi, mzani mtupu husoma sifuri sawasawa, lakini wizi hukua na mzigo. Dumu la kilo 20 litapungua kilo mbili na nusu tu, nawe utadhani ni maji yamemwagika. Gunia litapungua 13.

Gunia likiwa hewani, pitisha kiganja chini yake pande zote. Likigusa ardhi au mguu wa kijana "anayelituliza", kipimo hicho hakina maana, lipimwe upya.

Likisoma 92, usigombane naye, maana ugomvi wa usiku shambani ni hatari na haurudishi kilo hata moja. Gawanya 105 kwa 92, unapata 1.14. Yaani kila kilo anayokulipa ni kilo moja na gramu 140 za mahindi yako. Kama bei ni shilingi 700, kwa mzani wake bei ya haki ni kama 800. Magunia yako yakiwa yamejazwa sawa, njia nyepesi zaidi ni kuuacha mzani kabisa: "Nauza kwa gunia, 73,500, upime usipime." Anajua vizuri gunia la debe sita lina nini ndani. Akikataa, mahindi yako bado yako ghalani. Kwa magunia 40, tofauti hiyo ya kilo 13 kwa gunia ni kilo 520, shilingi 364,000.

Atajaribu pia kukata kilo mbili "za gunia". La katani lina kama kilo moja. La plastiki halifiki robo kilo. Pima tupu lako mapema, akate hicho tu. Na fedha zihesabiwe mezani, kwenye mwanga, kabla gunia la kwanza halijapanda garini.