Maswali Yenu: Mgogoro wa Euro na Milango ya Benki

Swali: Julai 2015 Wagiriki asilimia 61 walipiga kura kuyakataa masharti ya wakopeshaji. Siku nane baadaye serikali yao ikakubali masharti makali vilevile. Kura ilikuwa ya nini basi?

Angalia benki kwanza. Kwa miezi kadhaa kabla ya kura watu walikuwa wakitoa amana zao. Benki haina noti za kumlipa kila mwenye amana kwa mpigo, maana fedha zenyewe zimekopeshwa. Ikipungukiwa, huweka rehani hatifungani (hati za deni za serikali au kampuni) au mikopo yake kwa benki kuu ya nchi, ikapewa ukwasi wa dharura, yaani fedha za kulipia papo hapo. Ila katika kanda ya euro benki kuu ya nchi haina kauli ya mwisho: Baraza la Uongozi la Benki Kuu ya Ulaya laweza kuzuia msaada huo kwa theluthi mbili ya kura.

Waziri Mkuu Alexis Tsipras alipotangaza kura ya maoni, baraza hilo, Jumapili ya Juni 28, lilikataa kupandisha kikomo cha msaada, kilichokuwa kama euro bilioni 89. Halikupunguza kitu, lakini kutoongeza kulitosha: kama benki zingefunguliwa Jumatatu, zingekaushwa. Zikafungwa, na kila kadi ikaruhusiwa euro 60 kwa siku. Mashine nyingi ziliishiwa noti za 20, hivyo mtu aliondoka na 50 tu.

Njia ya pili ilikuwa kutoa sarafu yao wenyewe. Kuchapa noti mpya huchukua miezi, na deni la nje lingebaki katika euro huku kodi zikikusanywa kwa sarafu inayoporomoka. Tsipras alikuwa na kura mkononi lakini hakuwa na sarafu. Makubaliano yalifikiwa Julai 13 na benki zikafunguliwa Julai 20, kikomo kikawa euro 420 kwa wiki, angalau watu wakaacha kupanga foleni kila siku.

Swali: Amana Ulaya zina bima hadi euro 100,000. Ilikuwaje watu wa Saiprasi wakakatwa fedha zao mwaka 2013?

Waliokatwa mwishowe ni waliozidi kiwango hicho. Tuchukue mwenye euro 150,000 katika Bank of Cyprus. Laki moja ya kwanza haikuguswa. Katika 50,000 zilizobaki, asilimia 47.5, yaani euro 23,750, ziligeuzwa kuwa hisa za benki, apende asipende. Zile 26,250 zilibaki amana, ingawa sehemu kubwa ilifungiwa kwa muda maalumu. Katika benki ya pili, Laiki, hali ilikuwa mbaya zaidi: amana zenye bima zilihamishiwa Bank of Cyprus, na ziada ikaachwa kwenye mabaki ya benki iliyokuwa ikifilisiwa.

Shimo lenyewe lilichimbwa kwa sehemu kubwa Ugiriki. Benki za Saiprasi zilikuwa zimenunua hatifungani za Ugiriki kwa wingi, na mwaka 2012 wawekezaji binafsi wenye hatifungani hizo walikatwa asilimia 53.5 ya thamani ya maandishi.

Kilichoharibu mambo ni mpango wa kwanza, wa Machi 16, uliotaka kukata asilimia 6.75 hata kwa walio chini ya laki moja na 9.9 kwa walio juu. Mwenye euro 10,000 angepoteza 675. Kwa kuwa uliitwa kodi, bima haikuhusika. Ujanja wa kisheria uliowaogofya wenye amana wa nchi nyingine pia. Bungeni haukupata kura hata moja: 36 walikataa, 19 hawakuegemea upande wowote.

Kumbuka pia kwamba bima huhesabiwa kwa kila mtu katika kila benki. Akaunti tatu za mtu mmoja ndani ya benki moja hujumlishwa. Majina mawili ya kibiashara yenye leseni moja ni benki moja.

Swali: Serikali ikibana matumizi, deni si linapungua? Mbona la Ugiriki liliongezeka ukilipima kwa pato la taifa?

Deni hupimwa kwa kugawanya, na kigawanyo nacho husogea. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, pato ni 100 na deni 120. Serikali inakata matumizi ya 3. Ikiwa kila euro iliyokatwa inapunguza pato kwa euro 1.5, pato linashuka hadi 95.5. Kodi nazo zinapungua; zikiwa asilimia 40 ya pato, upungufu ni 1.8, kwa hiyo akiba halisi ni 1.2 tu. Deni linakuwa 118.8. Gawanya kwa 95.5: asilimia 124.4, badala ya 120 ya mwanzo.

Kila kitu kinategemea ile 1.5. Wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walikiri, katika uchambuzi wa mwaka 2013, kwamba makadirio ya awali ya mgogoro yalikuwa yameweka athari hiyo chini mno. Nchi yenye sarafu yake huweza kupunguza maumivu kwa kushusha riba na thamani ya sarafu. Ugiriki haikuwa na nyenzo hizo, na uchumi wake ulisinyaa kwa takriban robo.

Swali: Ni kweli hotuba moja ilishusha riba za mikopo ya serikali?

Karibu hivyo. Julai 26, 2012, jijini London, Mario Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, aliahidi kufanya lolote litakalohitajika kuilinda euro. Wiki hiyo riba ya hatifungani za miaka 10 za Hispania ilikuwa imevuka asilimia 7. Septemba ukatangazwa mpango wa kununua hatifungani za muda wa mwaka 1 hadi 3, kwa nchi itakayokubali programu ya masharti. Hakuna iliyoomba, na hakuna hatifungani iliyonunuliwa chini ya mpango huo. Sehemu ya riba ile ilikuwa bei ya hofu kwamba euro ingevunjika, na hofu hiyo ndiyo iliyoondoka.