Maswali na Majibu: Joto la Kaskazi Bagamoyo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za joto, mvua na bahari, kama inavyokuwa kila kaskazi, upepo wetu wa kiangazi, inapokolea. Nimechagua zenye faida kwa wengi. Wale mnaouliza jambo lililokwisha kujibiwa hapa mara nyingi, majibu yenu ni mafupi.

Shikamoo mzee. Watu husema Desemba na Januari ndiyo kiangazi chenyewe, lakini mimi naona tunateketea zaidi Februari na Machi. Au ni mwili wangu tu? (Msomaji, Magomeni)

Marahaba. Mwili wako hauna tatizo, umeona sawasawa.

Desemba jua la mchana linakuwa kusini ya utosi wetu. Baada ya hapo linaanza kurudi kaskazini, na siku za mwanzo wa Machi linapita juu ya Bagamoyo kabisa. Toka uwanjani siku hizo mnamo saa sita na nusu mchana, utakuta kivuli chako kimeishia kwenye nyayo zako. Bahari nayo imekuwa ikikusanya joto tangu Novemba, na hufika kilele chake Machi hadi mwanzo wa Aprili. Oktoba jua hupita tena juu yetu, karibu na tarehe 10, lakini wakati huo bahari bado ina ubaridi wa kusi, upepo wa kusini mashariki, ndiyo maana hatulalamiki sana.

Kubwa zaidi ni upepo. Januari kaskazi inavuma kwelikweli na jasho linakauka. Kuanzia mwisho wa Februari inalegea, kusi haijafika, tunaingia maleleji. Kipimo kinaweza kuonyesha nyuzi 32 au 33, zile zile za mwezi uliopita, ila hewa imejaa unyevu na jasho linabaki mwilini. Kwa hiyo hapa pwani mtu anayekuambia nyuzi tu amekupa nusu ya habari. Muulize upepo uko wapi.

Mvua zinaanza lini? (Wasomaji wengi)

Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila msimu kabla haujaanza, na unasomwa redioni. Usikilizeni. Swali hili silijibu tena mwaka huu.

Mwezi wa pili ilinyesha siku mbili mfululizo, nikapanda mahindi. Yameota, yamekauka. Je, niliuziwa mbegu mbovu? (Mkulima, Kiwangwa)

Kama yaliota, mbegu haina kosa. Ulipanda kwa mvua ya nje ya msimu. Mwezi wa pili mara nyingi mvua kama hiyo husababishwa na kimbunga kilicho mbali huko, upande wa Madagaska au Mlango wa Msumbiji, kinachobadili mwendo wa upepo na kutuletea mawingu kwa siku chache. Kikiondoka, jua linarudi na ukali wake. Mwaka mwingine kimbunga hicho hicho hutunyang'anya unyevu na kutuachia ukavu.

Baada ya mvua chimba kwa jembe. Kama unyevu umeishia vidole vinne, acha mbegu ndani ya debe. Udongo wa kichanga haushiki maji, utakudanganya ndani ya siku tatu.

Hukuniuliza, lakini nitakwambia: usichome mabua. Yalaze shambani yafunike udongo. Moto wa kusafisha shamba wakati wa kaskazi hausikii mpaka, na kila mwaka kuna mtu anaamka asubuhi kukuta mananasi yake yameungua kwa sababu jirani alitaka shamba lionekane safi.

Nimejenga Ukuni nyumba ya vyumba vitatu, tofali za saruji, bati la msauzi jeusi, madirisha ya alumini, uwanja wote nimepiga pevingi. Tangu tuhamie usiku hatulali, nyumba ni tanuri. Fundi anasema niweke kiyoyozi sebuleni. Unasemaje? (Baba wa watoto wanne)

Usinunue bado. Hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu linanikera na linaniuma, na kila mwaka nyumba za aina hii zinaongezeka.

Tofali la saruji hunywa jua kutwa nzima na kulitema usiku. Ndiyo maana saa nne usiku nje kumepoa, ndani kunazidi kupamba moto. Bati jeusi linapokea karibu jua lote linaloliangukia. Joto linashuka juu ya dari, na kama hukuacha matundu kwenye kenchi halina pa kutokea isipokuwa kuwashukia ninyi mliolala. Dirisha la alumini la kusukuma, hata ulifungue mpaka mwisho, kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine, kwa hiyo nusu ya dirisha imefungwa maisha yake yote. Umelipia dirisha zima ukapata nusu ya upepo. Na ukuta wa fensi ulioupandisha ili jirani asione ndani, bila shaka umezuia hata ile nusu.

Nenda ukaangalie nyumba za mawe za Mji Mkongwe wetu hapa Bagamoyo. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vina kimo, na mbele kuna baraza inayozuia jua lisiguse ukuta wa ndani. Hata nyumba za udongo na fito za babu zetu zilikuwa na nafasi kati ya ukuta na makuti, hewa ikipita usiku kucha. Sikuambii urudi kwenye makuti, yanashika moto haraka na kila baada ya miaka michache yanataka kuezekwa upya. Nasema waliojenga zile nyumba walijua upepo unatoka wapi kabla ya kuchimba msingi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki. Chumba cha kulala kinataka dirisha upande unaoupokea upepo na tundu la kutokea upande wa pili. Ukuta wa magharibi, ambao jua la alasiri linaupiga mpaka linapozama, hautakiwi kuwa na vioo vikubwa. Wachoraji ramani wanaouza ramani moja kutoka Arusha hadi Bagamoyo hawayajui haya au hawajali, na sisi tunawalipa.

Sasa ufanye nini. Anza na kilicho rahisi. Toboa matundu ya hewa pande mbili za kenchi na uyawekee wavu ili popo wasiingie. Paka bati rangi nyeupe, najua mkeo alichagua nyeusi kwa sababu ya mtindo, mwombe radhi. Vyumba vya kulala badilisha madirisha, weka ya kufunguka yote kwa bawaba, au ya vioo vya kulaza, na uache nyavu za mbu. Fensi toa tofali moja moja, au weka matofali ya matundu upande wa baharini. Pevingi ng'oa nusu, hasa iliyo chini ya madirisha, urudishe udongo na majani. Upande wa magharibi weka kibaraza au mti.

Feni inafaa, lakini elewa kazi yake. Haipozi hewa, inakausha jasho. Jua likishazama na nje kukipoa, igeuzie dirishani isukume hewa ya moto itoke, kisha ndipo uielekeze kitandani. Ukishafanya yote haya na bado unataka kiyoyozi, kiweke chumba kimoja cha kulala. Sebuleni utakuwa unapoza mlango unaofunguliwa na watoto wanne, na LUKU yako itakwisha kabla ya wiki.

Mpaka hapo, mkilala nje au barazani laleni ndani ya chandarua. Malaria haina likizo ya kiangazi. Na mbu wa dengi huuma mchana. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam na Tanga. Mbu huyo anazaliana kwenye ndoo, matairi na vifuu vilivyosahaulika na maji.

Kisima changu kipo karibu na ufukwe. Kila Februari maji yanakuwa ya chumvi. Nichimbe zaidi kwenda chini? (Msomaji, Dunda)

La, utaongeza chumvi! Chini ya ardhi yetu ya pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kiangazi tabaka la maji baridi linapungua kwa kukosa mvua, na kila ukivuta kwa pampu kwa nguvu, maji ya chumvi yanapanda kujaza nafasi. Ukichimba zaidi unayafuata nyumbani kwao.

Vuta kidogo kidogo, kipumzishe kisima usiku. Kama jirani yako ana pampu kubwa inayonguruma kutwa, kaeni mzungumze, kwa sababu mnakunywa chungu kimoja. Masika weka mifereji kwenye bati na simtanki. Mara ngapi tunaona maji ya masika yakitiririka barabarani, halafu Februari tunanunua ya madumu! Na tukikumbuka Oktoba 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka mpaka Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu, tusidhani kuwa maji ya bomba hayakatiki. Uwanja uliopigwa pevingi nao haunywi mvua hata tone. Nimekwisha kusema juu ya pevingi.

Mtoto wangu wa miezi minane amejaa vipele vya joto shingoni na mgongoni. Jirani amenipa krimu. (Mama, Nianjema)

Mwanangu, hiyo krimu usiitumie mpaka mtu wa zahanati aione. Krimu nyingi zinazouzwa kiholela zina dawa kali ambazo ngozi ya mtoto haihimili. Muogeshe maji ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku, mkaushe taratibu kwenye mikunjo, mvalishe pamba nyepesi, au mwache bila nguo anapokuwa kivulini. Mafuta mazito acha, yanaziba vitundu vya jasho. Umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Vipele vikiwa na usaha, au mtoto akipata homa au akilegea, mpeleke siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho.

Tuna mwaliko Unguja mwezi wa kwanza. Vijana wanasema kuna mashua itatuchukua kutoka ufukweni kwa bei nafuu, na bahari ya kiangazi ni shwari. (Ndugu watatu)

Aliyewaambia kiangazi ni shwari hajawahi kushika usukani. Kutoka Bagamoyo, Unguja ipo kaskazini mashariki, kilomita zipatazo 45. Kaskazi ya Januari inatoka huko huko. Maana yake safari nzima mnakwenda usoni mwa upepo na mawimbi, tena upepo unaongezeka kadiri mchana unavyosonga. Kurudi ni rahisi, kwenda ndiko kwenye kazi. Manahodha wa zamani walikuwa wakisubiri siku yake, wala hawakupangiwa na mwaliko.

Mashua inayopakia watu ufukweni bila leseni ya abiria na bila majaketi ya kuokolea msiipande, hata ikiwa bure. Nendeni Dar es Salaam mkachukue boti. Tumezika watu wa kutosha katika bahari hii kwa ajili ya nauli.

Nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp: joto hili ni dalili ya kimbunga kitakachotua Bagamoyo Jumapili. Tuhame? (Msomaji, Kaole)

Hapana. Na usiitume kwa mwingine.

Joto la kaskazi huja kila mwaka, halitangazi kimbunga. Sisi tuko karibu mno na ikweta, na huku nguvu ya mzunguko wa dunia inayovifanya vimbunga vijiviringe ni hafifu. Kwa hiyo ni nadra kutufikia, ingawa haimaanishi kamwe. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu, na Bagamoyo nayo ikaathirika hadi majengo ya Misheni ya Wakatoliki. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa moja baada ya nyingine, kikitajwa kwa jina, mahali kilipo na mwendo wake, mpaka kilipopoteza nguvu.

Tazama basi tofauti. Tahadhari ya kweli ina jina la aliyeitoa, tarehe na saa, na inarudiwa hali inapobadilika. Sauti ya mtu asiyejitaja haina hata kimoja. Hatari yake ni kwamba mkishtuliwa mara tano bure, ya sita ikiwa ya kweli mtabaki mmelala. Kwa watu wa Kaole nitaongeza hili: kinga yenu ya kwanza dhidi ya mawimbi ni mikoko. Ni msitu wa hifadhi kisheria, na anayeikata usiku kwa ajili ya boriti au mkaa anawaondolea ukuta wenu. Mnamjua. Msimfiche.

Tunafunga harusi mwisho wa Machi, sherehe uwanjani. Kuna shida? (Bwana harusi mtarajiwa)

Turubai lisilovuja, na viti visiwekwe bondeni.

Nimekusoma miaka mingi ukilia na miti. Haya, nimekubali. Nina uwanja mdogo Majani Mapana, nipande nini kinipe kivuli haraka? (Msomaji)

Umenifurahisha sana. Mkungu unakua haraka, unatandaza matawi na unavumilia chumvi ya upepo wa bahari. Ubaya wake unapukutisha majani mengi, ufagio uwe karibu. Mwarobaini nao unakwenda mbio na hauogopi ukame. Mwembe unachelewa, lakini aliyepita njia ya miembe ya Misheni saa nane mchana anajua kwa nini inafaa kuusubiri. Kwa uwanja mdogo ningepanda mwarobaini mmoja magharibi ya nyumba, hatua sita au saba kutoka ukutani, mbali na shimo la choo ili mizizi isilipasue.

Shimo chimba sasa, upana na kina cha mkono mzima, ulijaze samadi iliyooza. Mche usiutie ardhini hadi masika yatulie. Mwaka wa kwanza, kiangazi kikirudi, utie maji jioni mara mbili kwa wiki na uweke majani makavu shinani. Zungushia miba tangu siku ya kwanza, kwa sababu mbuzi wa Majani Mapana hawafungwi.