Siku Moja Kando ya Bahari ya Cornwall

Swali: Nina siku moja tu ya kutembea kwenye njia ya South West Coast Path nchini Uingereza, na nimechagua kipande cha kutoka kijiji cha Zennor hadi mji wa St Ives, huko Cornwall. Je, kilomita 10 zinatosha kwa siku nzima?

Jibu: Zinatosha, na ninakusihi usizidharau. Njia yote, kutoka Minehead hadi kwenye bandari ya Poole, ina urefu wa takriban kilomita 1,014, lakini ugumu wake umo zaidi katika kushuka kwenye kila bonde la kijito kinachoingia baharini na kupanda tena upande wa pili. Katika kipande chako utakuta pia mawe ya itale na matope yanayokulazimisha kupima kila hatua, hivyo tenga saa nne au tano, bila kuhesabu mapumziko.

Njia hii ilikanyagwa na walinzi wa pwani waliowasaka wafanya magendo, na kwa kuwa iliwabidi kuchungulia kila ghuba, hufuata ukingo wa bahari hata pale ambapo njia ya mkato ingekuwa rahisi. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo thamani yake.

Fuata alama ya tunda la mwaloni inayoonyesha njia, bahari ikiwa kushoto kwako, na usikaribie ukingo wa jabali, hasa upepo unapovuma kuelekea baharini. Panda basi asubuhi kutoka St Ives hadi Zennor, kisha urudi kwa miguu, ili jioni usilazimike kukimbilia basi ukiwa umechoka.