Kumpata mlezi wa kazi ya nyuki Tabora: nenda kabla ya msimu wa kurina

Kijana anayeanza ufugaji nyuki Tabora hakosi maelekezo. Semina zipo, vipeperushi vipo, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapahapa. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kusimama naye chini ya mti na kumweleza kwa nini mzinga huu umejaa wakati ule wa pili, hatua hamsini tu kutoka hapo, una miezi mitatu mtupu. Mtu huyo ndiye mlezi wa kazi, na wengi humtafuta wakati mbaya kuliko yote: msimu wa kurina, yaani kuvuna asali.

Msimu mkubwa wa asali huku huangukia mwisho wa mvua na mwanzo wa kiangazi. Wakati huo mzee mwenye mizinga 100 au zaidi hana nafasi ya kufundisha mtu. Yuko kambini porini, anafanya kazi jioni na usiku, na kila mgeni anayejitokeza anamtilia shaka kwamba amefuata asali. Wizi wa asali mizingani upo na unauma, kwa hiyo shaka hiyo ina sababu. Nenda kiangazi kikiwa kimekolea, mizinga inapokarabatiwa, kusafishwa na kutundikwa kabla miti ya mitundu haijachanua kuelekea mvua za kwanza. Hapo anahitaji mikono ya kubeba, kupanda na kuvuta kamba, na mtu aliyekuja wakati wa jasho hukumbukwa wakati wa ndoo.

Wa kumwendea utampataje? Anza kwa mtendaji wa kijiji au afisa nyuki wa wilaya. Waulize ni nani anayerina kila mwaka bila kupoteza makundi yake. Swali la nani ana mizinga mingi litakupa jibu jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa na mizinga 300 na nusu yake ikawa mitupu kwa sababu kila akirina anakata mpaka masega yenye watoto wa nyuki. Vyama vya ushirika vya wafugaji nyuki navyo vinawajua watu wao: aliyepokea asali anakumbuka ya nani hufika safi na ya nani hufika imechanganyika na majivu.

Kabla hujajifunga kwa mtu, mchunguze mambo matatu. Kwanza moshi. Anayetumia bomba la moshi, kile kifaa cha kuwapulizia nyuki moshi, atakufundisha kazi ya kudumu. Anayechoma kwa mwenge wa moto ataua nyuki, ataipa asali harufu ya moshi, na siku moja atawasha msitu. Pili, anaacha nini mzingani? Jibu zuri ni kwamba masega ya watoto hayaguswi, na ya asali huachwa mawili matatu ili kundi lisife njaa wala kuhama. Tatu, anatundika wapi, na kwa kibali gani?

Hilo la tatu wengi hulipita haraka. Mapori ya Tabora yana mipaka tofauti: msitu wa kijiji, wa halmashauri, na wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kila mmoja una mwenye kutoa ruhusa. Sehemu ya Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na njia ambazo wazee walizipita miaka mingi huenda leo zikakufikisha mahali pasiporuhusiwa. Mlezi anayekuambia twende tu, wananijua, anakuweka hatarini. Wewe hawakujui.

Siku ya kwanza usianze na ombi kubwa. "Mzee, nifundishe nyuki" ni mzigo usio na mpini, hajui aushike wapi. Asubuhi msalimie, shikamoo au mwangaluka ukiijua, subiri uulizwe habari za kwenu, kisha sema jambo dogo lenye mwisho: "Naitwa fulani, kwetu Ipuli. Nina mizinga 6, miwili tu ndiyo imeingia nyuki. Nimesikia mzee unaenda kutundika mwezi huu. Naomba nije nikusaidie siku tatu. Chakula nitabeba mwenyewe, na sidai asali wala posho." Hapo amepata idadi, tatizo na muda, na amejua kwamba hutamla. Mara nyingi hatakujibu siku hiyohiyo. Usimbane.

Ukikubaliwa, nenda na vyako: kofia ya wavu, glovu, gambuti, maji na unga. Mlezi mwenye vazi moja la kinga asilazimike kuchagua kati ya uso wake na wako. Sukari kilo moja au mbili, chumvi na sabuni vinafaa kwa kambi kuliko hela mkononi, kwa sababu hela ya siku ya kwanza hugeuza malezi kuwa kibarua na kila siku itasubiriwa. Usijipake manukato. Na kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba uso au kubanwa pumzi, mwambie kabla hamjaondoka mjini. Kulificha jambo hilo kwa aibu ni hatari kwako, na ni dhuluma kwake, maana mtakuwa mbali na zahanati.

Simu iweke mfukoni. Mahali mizinga ilipo ni siri ya mwenyewe, na picha nzuri yenye kilima na njia nyuma yake inatosha kumwongoza mwizi. Ukitaka picha ya sega, omba. Usiirushe popote kabla msimu haujaisha.

Chukua daftari. Kila mzinga andika tarehe, aina ya mti, unatazama upande gani, maji yako umbali gani, na ulichokuta ndani. Wazee wengi hawaelezi kwa maneno. Wanagusa, wananusa, wanasogea mbele, na ukiuliza kila hatua unawachosha. Andika maswali, kisha jioni motoni uliza mawili tu, yale yanayohusu mizinga yako. "Mzinga wangu una miezi miwili bila nyuki, uko juu ya mpingo, upepo unaupiga mlangoni, nimeupaka rangi juzi" ni swali ambalo mfugaji mzoefu hulijibu akiwa anakoroga uji: ugeuze, ungoje harufu ya rangi iishe, paka nta ya zamani ndani, na waya wa kuning'iniza upake grisi sisimizi wasipite.

Hapa ndipo uhusiano hujengwa au hufa: rudi na majibu. Ndani ya wiki mbili tatu mwambie ulifanya nini na kikatokea nini, hata kama hakuna kilichotokea. Mlezi anayetoa ushauri asisikie tena habari zake huacha kutoa. Lakini usimpigie kila siku. Mtandao wa kambini ni wa kubahatisha, na mara nyingi simu imezimwa kulinda chaji. Kubalianeni siku, kwa mfano siku ya mnada anapokuja kuuza, na uwepo siku hiyo bila kukosa.

Itafika siku utajua jambo ambalo yeye halijui au hataki kulisikia. La kawaida ni mizinga ya magome. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, mti hufa, na mtundu uliokufa hautachanua tena kwa ajili ya nyuki walewale. Ukimwambia hivyo mbele ya wenzake kambini, umemvunjia heshima na umeipoteza hoja yako. Mwombe ruhusa ya kutundika mizinga 2 ya masanduku karibu na yake, kisha msubiri msimu mwone pamoja.

Ila usimpelekee sanduku bovu. Zile mbao nyembamba za juu ambazo nyuki hujengea masega ziwe na upana wa milimita 32 kwa nyuki wetu. Seremala akizikata 38 au 40, masega yatakatizana, hutaweza kuinua hata moja bila kulibomoa, na mzee atasema, kwa haki, kwamba sanduku lako halifai. Pima kabla hujalipa.

Masharti ya kurina yasemwe mapema. Ukisaidia, unapata sehemu, unapata chakula tu, au hupati kitu? Mtakachokubaliana kiwe wazi, na usionje zaidi ya ulichopewa. Mlezi akianza kuvuna mizinga yako bila kukuambia, au kila ziara ikawa na bei mpya, aga kwa adabu: nenda mwenyewe, shukuru, mpelekee chupa ya asali yako, usiseme ubaya wake kijijini. Wafugaji wa wilaya moja wanajuana.

Kwa dada anayeanza, kwenda kambini wiki mbili na wanaume asiowajua hakufai, na asishinikizwe. Manzuki, yaani eneo la kuweka mizinga, iliyo karibu na kijiji, kupitia kikundi cha akina mama, inafundisha karibu yote, na huko ni rahisi kwenda wawili wawili.

Mwisho, tafuta mlezi wa pili, wa soko. Anayejua pori si lazima ajue mnunuzi. Huyu wa pili atakufundisha kukataa sega ambalo halijafunikwa kwa nta angalau robo tatu, kwa sababu asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha ndoo ikiwa bado stoo. Atakufundisha pia kuuza kwa kilo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa karibu kilo 28, na mfugaji mgeni anayeihesabu kama kilo 20 humwachia mnunuzi kilo 8 kila ndoo.