Akinigusa nikiwa usingizini, naruka

*Mama, jambo sana. Nina miaka 27, ni Mkongomani, natembeza vitenge hapa Kampala. Kule Kivu watu wenye silaha walinibaka msituni. Sijamsimulia mtu. Sasa nina mpenzi, mwanamume mwenzangu, Mganda wa miaka 29, anapika chapati Kabalagala. Yeye kaka zake walimpiga mpaka wakamvunja mkono, wakamfukuza nyumbani. Tunapendana kwa siri. Lakini akinigusa mgongoni nimelala, naruka na ngumi. Anadhani namchukia. Nimweleze yote? Au sisi ni majeruhi wawili tu, si wapenzi? Tena najiuliza kama wale watu ndio walionifanya niwe hivi. Na mama yangu aliye Uvira ananitafutia mchumba.*
*Wa Vitenge*

Mwanangu, naanza na lile ulilolipitia haraka. Wale watu hawakukufanya uwe hivyo. Vita vya Kongo vimewabaka wanaume wengi, na wengi wao wana wake na watoto na hawajawahi kumtamani mwanamume. Ubakaji haupandi mapenzi wala hauyang'oi. Na kama siku ile mwili wako ulifanya jambo usilolitaka, hiyo haikuwa ridhaa. Mwili ukibanwa na hofu hujiendea wenyewe. Wanaume wengi wameficha aibu hiyo moja miaka na miaka, na haikuwa yao.

Sasa ngumi za usiku. Ukilala, akili imetoka zamu. Mwili ndio unaolinda, nao haujui kwamba aliyekugusa ni mpika chapati. Basi asikuguse mgongoni ukiwa usingizini. Akuite jina kwanza, akiwa mbele yako. Lala mgongo ukiwa ukutani. Ukishtuka, weka miguu sakafuni, utaje kwa sauti unavyoviona: mlango, ndoo, jiko. Ni kuukumbusha mwili kwamba uko Kampala.

Kumweleza yote? Hudaiwi. Mwambie hivi tu: "Nilifanyiwa ukatili vitani, nikiguswa nyuma naogopa, si wewe." Mengine utayasema ukitaka, au usiyaseme kabisa. Ila nawe muulize yake. Barua yako nzima inahusu mgongo wako, na mkono wake umeupa mstari mmoja. Mtu aliyepigwa na kaka zake huenda hawezi kuvumilia sauti ikipanda, au mlango ukigongwa kwa nguvu. Umewahi kumuuliza?

Hilo la majeruhi wawili silipendi. Tukingoja wapone kabisa ndipo wapendane, mji huu mzima utalala mpweke. Mimi ningeuliza jambo lingine: mkigombana, amewahi kukutisha kwamba atakusema kwa watu? Wewe je, umewahi kumtisha? Katika mapenzi ya siri nchini Uganda, tishio hilo ni mnyororo. Kama halijawahi kutoka kinywani mwa yeyote kati yenu, hata mkiwa na hasira, mimi nayaita mapenzi. (Wasomaji mtakaonikemea, andikeni, nitasoma.)

Lakini msitibiane ninyi kwa ninyi tu, mtachokana. Refugee Law Project, mradi wa sheria kwa wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, umeshughulika kwa miaka mingi na wakimbizi wanaume waliobakwa vitani. Hutakuwa wa kwanza kulitamka pale. Eleza ya msituni. Ya Kabalagala si lazima uyataje. Kama una maumivu ukikaa au ukienda haja, yaseme pia, yana matibabu.

Nasema ya Kabalagala si lazima, maana sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ipo, na tendo lenyewe adhabu yake ni kifungo cha maisha. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilichowalazimu watu kuripoti wanaoshukiwa, pamoja na kile cha wenye nyumba wanaopangisha. Sehemu kubwa iliyobaki inauma vilevile. Kwa hiyo picha na ujumbe wenu visikae kwenye simu, hata kama unaona ni vitamu kiasi gani. Simu huibwa, hukaguliwa, hupelekwa kwa fundi.

Kuhusu mama, usimbebeshe haya kwa simu, na mchumba usimkubali ili kumfurahisha. Huyo binti naye ana maisha yake. Mwambie bado hujawa tayari kuoa, kisha umuulize habari za Uvira.